Liboke ya Wakwe na Sindano ya Yaya

Jumapili, tarehe kumi na tano ya mwezi wa tatu. Mvua ilipiga toka alfajiri, ikatulia wakati wa misa, halafu jua likatoka kwa ghafla na uwanja wote ukaanza kutoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Nilijua itarudi. Upande wa mto mbingu ilikuwa bado nyeusi.

Naandika leo leo, kwa sababu kesho nitaanza kujipendelea. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, sijui kupanga maneno kama watu wa ofisi. Lakini nataka kila mtu aliyekuwa nyumbani leo apate haki yake hapa, hata wale walionikasirisha.

Wakwe walikuwa wanakuja. Tuseme vizuri: watu wanaotaka kuwa wakwe, familia ya kijana anayemtaka binti yetu. Ni watu wa Yanonge, wavuvi na wachuuzi wa mtoni. Walipanda mto jana kwa mtumbwi wa mota, wakalala kwa ndugu yao hapa mjini. Sisi ni watu wa maporomoko, wavuvi vilevile, na kati ya watu wa juu na watu wa chini ya mto utani wa nani anajua samaki hauishi. Kwa hiyo kila mtu angetegemea nyumba yetu inuke samaki siku ya leo. Haikunuka. Ilinuka mafuta ya mawese, maharage na ndizi, na sababu yake ni yaya.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Mama yetu alishakufa, donc yeye ndiye mwanamke mkubwa wa nyumba, na binti yangu alilala mgongoni kwake zaidi kuliko alivyolala kwangu. Ana ugonjwa wa sukari, ule wa sindano. Macho yake hayaoni tena mistari ya bomba la sindano, basi mimi ndiye ninayevuta insulini, mimi ndiye ninayepiga. Friji hatuna. Kichupa kinakaa ndani ya chungu kidogo, chungu kinakaa ndani ya kikubwa chenye mchanga, na kila asubuhi namwagia mchanga maji.

Nyama aliacha alipoingia kanisa lake, lile linalopumzika Jumamosi. Samaki aliacha mwenyewe, hakuna aliyemwomba. Alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona, hospitali wakaanza kuzungumza habari ya kuukata. Akamwambia Mungu: nikibaki na mguu wangu, sitakula tena kitu chenye damu. Kidonda kikapona. Kama ni nadhiri, ao ni dawa za hospitali, ao ni insulini yenyewe, mimi sijui. Naandika vyote vitatu.

Mwanzoni nilifikiri kuacha samaki kutamsaidia. Sukari yake ikapanda. Muuguzi wa kliniki ya Makiso ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza, "Mama, pahali pa samaki anatia nini?" Nikasema, anaongeza fufu ya muhogo, anaongeza lituma ya ndizi. Akacheka. "Basi samaki haikuwa na sukari, lakini ile anayoongeza iko nayo. Usihesabu ile aliyoacha. Hesabu ile aliyoongeza." Toka siku ile napima chakula chake cha kushibisha kwa bakuli moja dogo la enameli, lenye ukingo wa bluu, na dozi yake ya mchana imepangwa kwa bakuli lile. Maharage na pondu, yaani majani yetu ya muhogo, anakula pembeni. Pondu yake naipika peke yake, kwa sababu mpishi wa hapa akikwambia pondu haina samaki, ujue amesaga samaki mkavu ndani na hamhesabu, kwake ni kama chumvi.

Na muuguzi alinipa sheria nyingine: ukipiga sindano ya haraka, sahani iwe mezani. Si sufuria motoni. Sahani mezani.

Kuna jambo la mwisho la kueleza kabla ya kusema yaliyotokea. Karatasi za kupimia, zile unazotia kwenye mashine pamoja na tone la damu, ilibaki moja. Moja tu. Ijumaa mwenye famasi aliniambia, "Rudi Jumatatu, mama, tunangoja mzigo." Nikajisemea, moja itatosha kwa Jumapili.

Kuhusu ugonjwa, mume wangu alisema tusiutaje mbele ya wageni. "Watauliza kama mutoto naye iko nayo ndani ya damu. Tusubiri ndoa ipite, nyuma tutasema." Sikumpinga. Sina haki ya kuandika kwamba alikuwa yeye peke yake. Binti alikuwapo, akanyamaza. Yaya alisema, "Miye sitadanganya mutu. Lakini sitasema." Tukaona inatosha.

Walifika saa sita. Tuliwaketisha uwanjani chini ya hema la plastiki. Msemaji wao ni tonton wa kijana, baba yake mdogo, mtu mnene wa maneno matamu, na kando yake aliketi koko yao, bibi mzee aliyefunga kitambaa cheupe, ambaye hakucheka hata mara moja. Kijana alikaa nyuma yao, anaangalia viatu vyake. Walileta vitambaa, pombe, chumvi, na kapu lililofunikwa ambalo koko hakuruhusu mtu alibebe ila yeye.

Maneno yalienda vizuri. Mume wangu alisema yake, tonton alisema yake, wakataniana.

"Watu wa maporomoko," tonton akasema, "munangoja samaki ikuje yenyewe kwa mutego. Sisi tunaifuata."

"Ndiyo sababu munafika mumechoka," mume wangu akajibu, na watu wakacheka.

Halafu tonton akapiga mikono. "Bon. Maneno imeisha. Tukule!"

Sahani zikatoka. Niliziona kwa macho yangu: lituma, yale madonge ya ndizi zilizopondwa, yakapangwa mezani, maharage yakafuata. Nikamshika yaya mkono kama vile namsaidia kunawa. Ndani ya chumba, nyuma ya pazia, nikavuta dozi ya bakuli moja, nikalishika bomba mbele ya dirisha mara mbili kwa sababu siamini mkono wangu hata siku moja, nikampiga tumboni. Tukarudi tumetulia. Nilifuata sheria. Nasema hivyo si kwa kujitetea, ao labda ni kwa kujitetea. Sijui.

Hapo mvua ikarudi. Si matone, ni ndoo. Hema likajaa maji, likaanza kushuka juu ya vichwa. Kila mtu akainuka, viti, sahani, vitambaa, wote ndani ya sebule ambayo ni ndogo hata kwetu sisi wenyewe. Tulivyomaliza kupanguza na kupanga watu, wakati ulikuwa umepita, na ile insulini ya haraka haingoji mtu. Nikaweka lituma mbele ya yaya. Nikanong'ona, "Kula."

"Hapana kwanza," koko akasema.

Akafungua kapu. Ndani mlikuwa na liboke moja kubwa, samaki aliyefungwa kwa majani na kupikiwa humo, kapiteni mzima, yule samaki mkubwa wa mto, majani bado ya moto. Tonton akaeleza. Kwao, ao angalau kwa familia yao, mwanamke mkubwa wa nyumba ya binti ndiye anayefungua liboke la bwana harusi, na ndiye anayeweka kipande cha kwanza mdomoni. Kabla ya hapo hakuna mdomo unaopokea kitu, si chakula, si kinywaji. Akishameza, mtoto ametolewa. Asipomeza, hakujasemwa neno.

Hakuna aliyetuambia mapema. Nadhani kwao ni jambo la wazi sana, hawakuwaza kwamba mtu anaweza kutojua. Na sisi hatukuwaambia kwamba mwanamke mkubwa wa nyumba yetu hali samaki, kwa sababu kwetu limeshakuwa la wazi pia. Nani angewaza, ndani ya mji huu, kuuliza mtu wa maporomoko kama anakula samaki?

Yaya alifungua kamba. Alifanya kwa heshima, jani moja moja, mvuke ukapanda usoni mwake. Akapanguza vidole. "Nimefungua," akasema. "Aksanti sana. Lakini kula, miye sikulaka samaki."

Watu wakacheka. Walifikiri ni mchezo, kujifanya mgumu kidogo.

"Mama, hii haina mifupa mingi," tonton akasema, "usiogope!"

"Siogope mifupa. Nilimupa Mungu neno."

"Mungu mwenyewe alikulaka samaki, mama. Iko ndani ya Biblia."

"Alikula. Miye sikule."

Kicheko kikapungua. Koko alikuwa ameshika kipande kwenye jani, mkono umenyooka. Tonton bado alikuwa anajaribu. "Alors, tujue vizuri. Anakataa samaki ao anakataa bwana?"

Mume wangu akaniangalia. Nikamwangalia yaya. Juu ya pua yake palikuwa na jasho, matone madogo madogo yaliyopangana. Nikajiambia, ni joto, sisi wote tunatoka jasho, madirisha yamefungwa. Kidole chake kilikuwa kinagonga goti. Nikajiambia, ana hasira. Nilikuwa natafuta kila sababu isipokuwa ile niliyoijua, kwa sababu ile niliyoijua ilikuwa na bei ya bwana wa binti yangu. Pazia la chumba lilitikisika kidogo. Binti alikuwa nyuma yake, anasikiliza.

"Mama," tonton akasema tena, sasa bila utani, "unatupatisha haya."

Yaya akamjibu. Lakini hakumjibu kwa Kiswahili, wala kwa Lingala. Alimjibu kwa lugha ya mama yetu, kwa sauti ya juu, na lilikuwa neno baya, neno la kufukuza mbuzi jikoni. Wao hawakulielewa ila ukali wake. Mimi nilielewa kitu kingine. Yaya sukari ikimshuka, lugha zote za mjini zinamtoka, anarudi kule tulikozaliwa. Nimeshaona mara nyingi. Baada ya hapo macho yanapotea, na baada ya macho sitaki kuandika.

Nikavuta chupa ya sucré, ile soda ya chungwa, chini ya meza, nikaifungua kwa meno, nikaishikilia mdomoni mwake.

"Unafanya nini?" mume wangu akasema.

"Sucré mbele ya kuonja samaki!" tonton akasimama. "Hapa mbele yetu?"

Yaya alinisukuma. Nusu ilimwagika juu ya kitenge chake kipya. Nikamshika kichwa kama mtoto, nikasema kwa lugha ya mama yetu, kunywa, yaya, kunywa. Akanywa. Sikumtazama mtu yeyote. Nikasema kwa nguvu, kuelekea ukuta:

"Iko na maladie ya sukari. Nimemupiga sindano sababu chakula ilikuwa mezani. Asipokula, ataanguka hapa hapa mbele yenu."

Mvua ilikuwa inapiga mabati hata usingeweza kusikia pumzi ya jirani yako.

Koko ndiye aliyesogea kwanza. Aliweka kile kipande cha samaki chini, polepole, akasukuma sahani ya lituma kuelekea kwa yaya kwa kidole kimoja. "Akule," akasema. Kwa muda ule nilimpenda. Halafu akanigeukia. "Na mutoto? Mutoto naye iko nayo?"

"Sijui, koko. Hatujamupima hata siku moja."

"Sababu ya nini?"

Watu wawili ndani ya nyumba moja, mmoja namchoma kila siku, mwingine sijawahi kumgusa kidole. Labda niliogopa.

Mume wangu aliingia chumbani na akarudi na mashine. Niseme haki yake: hakuwa na hasira tena. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta namna ya kuokoa kitu. "Tunapima mutoto sasa hivi," akasema. "Munaona wenyewe. Mukijua, munajua."

Pazia likafunguka na binti akatoka, amevaa vizuri, mkono ameutanguliza. "Munipime."

Nikafungua kichupa cha karatasi. Ile moja ikateleza kwenye kiganja changu.

"Iko moja," nikasema.

"Moja inatosha," tonton akasema. "Mutu ni moja."

Nikamwangalia yaya. Alikuwa anatafuna lituma, macho amefunga nusu. Rangi ilikuwa imerudi kidogo, ao nilitaka irudi. "Yaya, unajisikiaje?"

"Niko bien. Pima mutoto."

Alisema kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa alama nzuri. Lakini yaya husema yuko bien hata akiwa sakafuni. Na kidole chake bado kilikuwa kinagonga. Nusu ya sucré iko kwenye kitenge, sikujua iliyoingia ni kiasi gani, na dozi ya bakuli zima bado ilikuwa inafanya kazi yake ndani. Muuguzi aliniambia: ukiwa na mashaka mpe sukari kwanza, halafu pima, halafu pima tena. Hakuniambia kuhusu karatasi moja na vidole viwili.

"Mama," mume wangu akasema kwa sauti ya chini, ile anayotumia tukiwa wawili, "yaya amekunywa. Anakula. Fikiri mutoto."

Nilimfikiri. Nataka binti akisoma hii siku moja ajue nilimfikiri. Alikuwa amesimama mbele yangu na kidole chake, na nyuma yake kulikuwa na kijana aliyeacha sasa kuangalia viatu, na koko ambaye angeamini namba kuliko maneno yetu, kwa sababu maneno yetu yalikuwa yamekwisha kuonekana yana tundu.

Nikachukua kidole cha yaya.

Nikachoma, nikaminya, tone likaja. Mashine ikahesabu. Hamsini na mbili. Nikawaonyesha wote, ingawa wao hawakujua namba ile maana yake nini. "Bado iko chini," nikasema. "Bado anashuka ao ndiyo ameanza kupanda, sijui. Binti, lete sucré ingine." Binti akakimbia. Aliyemshikilia mama yake mkubwa chupa mdomoni, akampanguza kidevu, ni yeye, na kijana, yule wa kuangalia viatu, alimsogezea kiti.

Namba ilinipa haki, lakini nisidanganye: sikuijua kabla. Ingekuwa mia moja, ningekuwa nimetupa karatasi ya binti yangu bure, na leo ningekuwa naandika kitu kingine. Nilichagua bila kujua. Hiyo ndiyo kweli.

Yaya alikula bakuli lote na nusu ya pili, sebule nzima ikimwangalia kila tonge. Alipomaliza alipanguza mdomo, akamwambia tonton, "Papa, unisamehe lile neno."

"Lile neno ni nini?"

"Ni kwa mbuzi."

"Mbuzi ya kwetu ao ya kwenu?" tonton akauliza, na yeye peke yake akacheka, lakini alicheka.

Koko hakucheka. Alirudisha majani juu ya samaki, akafunga kamba upya. "Liboke imefunguliwa, haikuonjwa," akasema. "Donc hatujakataliwa, hatujapewa. Inabaki hapa. Mutanipa karatasi ya hospitali, ya mutoto. Nyuma tutarudi, tutapika ingine."

"Ndiyo, koko," mume wangu akasema.

"Na ya kwake pia," binti akasema.

Kila mtu akageuka.

"Ya nani?" koko akauliza.

"Yake." Alimwonyesha kijana kwa kidevu. "Miye nitapimwa, na yeye apimwe. Siku moja, pahali pamoja."

Nilitaka kumfunika mdomo. Kijana akasema, "Nitaenda." Ni neno pekee nililosikia kwake siku nzima. Koko alimwangalia binti yangu kwa muda mrefu, kutoka kitambaa mpaka miguu. "Iko na mudomo," akamwambia tonton. Nimejaribu toka mchana kujua kama ilikuwa sifa. Uso wake haukunisaidia.

Walienda mvua ilipopungua, bila kula. Hata lituma hawakugusa. Sikasiriki, kwao mdomo ulikuwa bado umefungwa. Kesho asubuhi nitachukua toleka, baiskeli ya abiria, mpaka Makiso, nitanunua karatasi kama mzigo umefika, nitampeleka binti kliniki, nitamweleza muuguzi yote, na jinsi nilivyoanza na sindano kabla ya kujua watu watakula lini. Najua atakachosema kuhusu wageni: sahani mezani haitoshi, mkono uwe ndani ya sahani. Ao labda atasema kitu kingine. Sina uhakika na kitu leo.

Jioni, kabla ya dozi, sikuwa na karatasi ya kunionyesha sukari ya yaya iko wapi. Nilimpigia muuguzi simu, akaniambia nipunguze, na kiasi gani, nikarudia namba yake mara tatu kwenye simu mpaka akachoka nami. Nikangoja yaya aanze kula, tonge la kwanza, la pili, ndipo nikampiga pale pale mezani, mbele ya mume wangu na binti, bila pazia.

Liboke lilikaa juu ya kabati, limefungwa. Mume wangu alilitazama, akasema, "Samaki isiyoonjwa, sisi nani tuikule?" Nitampa jirani kabla haijaharibika. Kwa hiyo usiku huu nyumba nzima imekula kama yaya: lituma ya mchana iliyopashwa moto, maharage na mafuta ya mawese, na pondu yake, ile isiyo na samaki hata wa chumvi. Binti aliomba aongezwe.